Parafujo Mbili Zilizopita Mstari

Ijumaa ile mvua ilianza alfajiri na mpaka saa tatu ilikuwa haijaonyesha dalili ya kuchoka. Ziwa halikuonekana kutoka dirisha la kituo; palionekana ukungu tu, na ndani yake mlio wa injini ya mtumbwi uliokuja na kupotea. Mkaguzi Sabina Kashindye alisaini daftari la vielelezo kwa mara ya tatu wiki hiyo. Karani wa vielelezo alimtazama kama anavyotazamwa jirani anayeazima sufuria kila siku.

"Ni ileile bastola, afande?"

"Ileile."

"Haijazaa."

"Nipe."

Aliichukua ndani ya mfuko wake wa plastiki, akashuka nayo ngazi kwenda stoo ya silaha.

Kesi yenyewe ilikuwa inaonekana imekwisha. Wiki tatu nyuma, Jumanne jioni, Pius Mhoja, karani wa ukaguzi wa samaki, alipigwa risasi moja ya kifua kwenye gati la kivuko, Kigongo. Tangu daraja lianze kupitisha magari, gati lile lilikuwa limebaki na mbwa na magugu maji, kwa hiyo hakuna aliyeona. Ganda moja la risasi lilikutwa hatua sita kutoka kwenye maiti. Siku chache kabla, Pius alikuwa amelizuia lori lililobeba sangara wachanga, na mmoja wa wenye lori, Taher, muuza vifaa vya ujenzi hapa mjini, alimtukana mbele ya kadamnasi. Alhamisi, siku mbili baada ya kifo, polisi waliichukua bastola ya Taher kwenye sefu ya nyumbani kwake. Jumatano ya wiki hii majibu ya wataalamu yakaja kutoka Dar es Salaam: ganda lilitoka kwenye bastola hiyo, na risasi pia.

Sabina mwenyewe ndiye aliyemtia Taher pingu. Jumatatu angesomewa shtaka la kuua, shtaka lisilo na dhamana, ambalo mwisho wake ni kitanzi.

Ila siku ya kukamatwa, alipoonyeshwa bastola aitambue, Taher alivaa miwani yake, akaigeuza mara mbili, akasema: "Namba ni yangu. Kioo ni changu. Lakini kimekaa vibaya." Mkuu wa upelelezi alicheka. Sabina aliyaandika maneno yale, na tangu hapo yalikuwa hayamwachi.

Stafu Sajenti Mashimba, mtunza silaha, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alikuwa amekwishaanza kuongea kama mtu asiyeogopa uhamisho. Aliipokea bastola juu ya kitambaa, akavuta taa karibu.

"Leo unataka nini, afande? Majibu si yamekuja?"

"Leo sitaki habari za risasi, mzee. Nataka uniambie habari za hiki." Alionyesha kioo cha kulengea kilichokaa mgongoni mwa bastola, kidogo kama kiberiti, kile ambacho mtu akichungulia huona nukta ya taa juu ya shabaha yake.

Mashimba alisonya. "Mambo ya kwenye simu haya. Mtu ana bastola nzima, imetoka kiwandani na alama zake za kulengea, mbele na nyuma. Anaipeleka kwa fundi amkatie shimo kwenye slaidi," akakipitisha kidole kwenye kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, "aweke kioo chenye betri. Sasa betri ikiisha? Utamwambia jambazi angoje ukanunue?"

"Wengine macho yao hayafiki."

"Macho yasiyofika yakae nyumbani." Akainama zaidi. "Na chuma ukikipunguza umekipunguza. Kila ukipiga, hiki kinakwenda na kurudi kwa nguvu. Mimi nisingeruhusu hata bunduki ya mgambo. Ila nikisema kweli, aliyekata hakuwa mlevi. Kingo zimenyooka, na hakwenda chini kupita kiasi."

"Na hizi parafujo? Hiki chekundu ni nini?"

Parafujo zilikuwa mbili, moja kila upande wa kioo. Juu ya kila moja palikuwa na kimstari chekundu chenye vumbi la dhahabu linalometameta.

"Rangi ya kucha," Mashimba alisema. "Hii si desturi ya watu wa bastola wa huku kwetu. Ni ya mafundi wa injini za mitumbwi. Injini inatetemeka, parafujo inalegea, injini inazama na mvuvi anarudi kwa kasia. Kwa hiyo fundi akishakaza anapiga mstari, nusu juu ya parafujo, nusu kwenye chuma. Kabla ya kuingia majini mvuvi anaangalia. Mstari umenyooka, anaondoka. Umekatika, anarudi kwa fundi."

"Hapa umekatika."

"Umekatika, ndiyo. Amepiga risasi nyingi, zimelegea."

Sabina alivuta kiti akaketi. "Parafujo ikilegea inazunguka kwenda wapi?"

"Kushoto."

"Hizi zimekwenda wapi?"

Mzee alifungua mtoto wa meza, akatoa lenzi, akaangalia upande mmoja, kisha mwingine. Akarudia upande wa kwanza. 

"Kulia," akasema mwisho. "Zote mbili zimeupita mstari. Hii kama punje ya mchele, hii nusu yake."

"Parafujo inaweza kujikaza yenyewe?"

"Tangu niajiriwe sijaona."

"Basi kuna mtu alizifungua akazirudisha."

"Akazirudisha kwa nguvu, afande. Na hakujua mstari ni wa nini, au alijua na hakuwa na nafasi."

*

Taher aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa mzee wa miaka sitini kasoro, mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri hata baada ya siku tatu za sakafu ya saruji. Alisubiri aambiwe ndipo akaketi.

"Nani alikukatia slaidi?" Sabina aliuliza.

"Fundi."

"Hilo umeshasema. Jina lake."

"Mkaguzi, nilimpa neno langu. Hana kibali cha kugusa silaha. Ana watoto wanaosoma."

"Na wewe una shingo."

"Ninayo moja, ndiyo." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Uliza lingine."

"Nukta ya kioo chako ni rangi gani?"

"Kijani. Nyekundu kwa macho yangu inatapakaa kama nyanya iliyokanyagwa. Ndiyo maana nililipia zaidi, nikaagiza ya kijani. Aman ndiye ana nyekundu."

"Aman nani?"

"Shemeji yangu, mdogo wake Ishrat, mke wangu. Malori ni yetu wote wawili. Bastola tulinunua siku moja, aina moja."

"Na yeye alikatiwa?"

Ilikuwa wazi kwamba jibu la swali hilo lilikuwa linapita mlangoni kwa fundi. "Muulize yeye," akasema.

Sabina alirudi ofisini akafunua rejesta ya leseni. Zilikuwepo: bastola mbili za aina moja, namba zinazofuatana, moja kwa jina la Taher, moja kwa jina la Aman. Akasoma pia maelezo ya ukaguzi. Kwa aina ile namba hugongwa mahali pamoja tu, kwenye mwili wa chini, juu ya mpini. Slaidi haina namba. Mtutu hauna namba.

Alimpigia Aman mara tatu. Simu iliita mpaka ikakata.

*

Mafundi wa injini pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, hawakumchelewesha. Walimwonyesha, kwa kucheka, kwamba kila fundi ana rangi yake, mvuvi ajue amlaumu nani: huyu nyeupe, yule bluu ya mlango, mwingine njano. Nyekundu yenye dhahabu ilikuwa ya Nkwabi wa Igoma, kwa sababu mkewe Tereza ana saluni ukutani mwa karakana, na chupa zinazokaribia kukauka humwishia mumewe.

Karakana ilikuwa nyuma ya barabara ya Musoma, matope mpaka kizingiti. Mtu mfupi mwenye mabega mapana alikuwa ameinamia jiriwa, akipiga tupa kwa mikupuo mirefu. Sabina alikuwa amevaa koti la mvua juu ya nguo za kiraia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Injini iko wapi?"

"Sina injini. Nina picha."

Nkwabi alifuta kidole gumba, akaitazama simu kwa muda wa kupepesa jicho, akairudisha. "Mimi sijui vitu hivyo, mama. Mimi ni mtu wa injini."

"Sawa. Hata mtaalamu wetu kasema aliyekata hakujua kazi." Sabina aliongea taratibu, akiitazama mvua. Uongo ulitoka bila kukwama. "Anasema shimo limekatwa kubwa kuliko kioo. Ukiangalia pembe ya nyuma, ukucha unaingia."

Tupa ilisimama.

"Anasema nini?"

"Kwamba ni kazi ya kubahatisha. Ameandika hivyo kwenye ripoti."

Nkwabi alinyoosha mkono, akaichukua simu tena bila kuombwa. Aliikuza picha kwa kidole chenye grisi, akaileta karibu na pua. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko anavyokaa mtu asiyejua vitu hivyo.

"Huyo mtaalamu wako ni mjinga," akasema.

"Kwa nini?"

"Shimo halina kosa. Kioo hicho si cha shimo hilo."

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Alikuja kuyasikia baadaye kidogo, na Sabina aliona uso wake ukiyasikia. Mlangoni pa saluni alitokea mwanamke mwenye brashi ya rangi ya kucha mkononi.

"Baba Kabula, kuna nini?"

"Hakuna. Rudi kwa mteja."

Tereza hakurudi. Alisimama pale, mlango nusu wazi, brashi ikimkaukia mkononi.

"Mimi ni Mkaguzi Kashindye wa upelelezi," Sabina alisema. "Nataka uje kituoni useme ulichosema sasa hivi, mbele ya bastola yenyewe."

"Nikija, nitarudi leo?"

"Leo hapana. Kesho sijui. Kukata silaha bila kibali ni kosa, na nitaliandika."

"Wewe hujui hata kubembeleza."

"Sijui."

Nkwabi aliitua tupa juu ya meza, akaisogeza ilingane na tupa nyingine. "Yule mzee wa Kihindi ndiye amenitaja?"

"Hajakutaja. Nimemuuliza siku tatu. Anasema alikupa neno lake, na kwamba una watoto wanaosoma. Jumatatu anasomewa shtaka la kuua."

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejitayarisha kwenda kanisani. Alipofika kidole cha mwisho alimgeukia mkewe.

"Funga karakana. Injini ya yule mvuvi wa Kayenze iko tayari, ya yule wa Sweya bado haijaguswa. Mwambie mwenyewe aje aichukue."

*

Walikata lakiri ya mfuko mbele ya mashahidi wawili, Sabina akaandika saa. Mashimba aliweka bastola juu ya kitambaa cheupe, akampa Nkwabi glavu. Fundi aliipokea kwa vidole vya uangalifu, akaielekeza ukutani, akahakikisha ni tupu kabla ya lolote. Mashimba aliliona hilo, akamsogezea taa.

"Walikuja wawili, mwaka jana," Nkwabi alianza. "Mzee alitaka kioo kwa sababu ya macho. Yule kijana alitaka kwa sababu mzee ametaka. Tena yeye alitaka na madirisha ubavuni, slaidi itobolewe huku na huku, watu wauone mtutu ndani. Nikamwambia hilo ni pambo. Vumbi la huku liko tayari kuingia bila kukaribishwa. Nikakataa, akanuna."

"Hapo ulisema vizuri," Mashimba alikiri. "Ungekataa na kioo pia."

"Kioo kina kazi yake, mzee. Ukiwa na miaka sitini, alama ya mbele na adui huvioni kwa wakati mmoja. Nukta inakuonyesha vyote. Ubaya ni pale mtu anapoweka kipande cha chuma juu, halafu kioo juu yake, kinasimama kama mnara. Kikatiwe, kilale chini."

"Na betri?"

"Betri si unabadilisha. Meno yako ya bandia huyasafishi?"

Sabina aligonga meza kwa kalamu. "Endelea. Kwa nini unasema kioo si cha hapa?"

"Kwa sababu ya ninavyofanya kazi. Sikati tu nikaweka. Napaka masizi ya koroboi chini ya kioo, nakikalisha shimoni, nakitoa, naangalia chuma kimegusana wapi, napiga tupa kidogo. Narudia, mara ishirini, mara thelathini. Kikishalala kimelala kwenye shimo lake, basi. Ukikipeleka kwenye slaidi ya mwenzake kitaingia, maana ni aina moja, ila hakitalala. Pembe moja itainuka. Na mtu wa namna hiyo atakaza parafujo kwa hasira, akidhani nguvu itasaidia."

"Utajuaje ni cha nani?"

"Nilipiga vitone, ndani, mahali pasipoonekana. Bastola ya kijana ilitangulia mezani, ikapata kitone kimoja. Ya mzee ikapata viwili. Kwenye shimo na chini ya kioo, vilevile."

Mashimba alizifungua parafujo mwenyewe, taratibu, akazipanga juu ya kitambaa. Kioo kikatoka. Alikigeuza chini ya taa.

"Vitone viwili," akasoma.

Kisha akaelekeza taa ndani ya shimo la slaidi. Kilikuwa kimoja, katikati, kimechongoka kama ncha ya sindano.

Sabina alichora kwenye karatasi, kwa ajili yake na kwa ajili ya jalada: mwili wa chini wenye namba, wa Taher. Kioo cha kijani, cha Taher. Slaidi ya katikati, ya Aman, na mtutu huenda na slaidi yake. Ganda la risasi hubeba alama za slaidi. Risasi hubeba mikwaruzo ya mtutu. Namba haibebwi na chochote kinachoruka. Wataalamu wa Dar walikuwa wamesema kweli. Walikipima chuma cha juu kilichomuua Pius, wakasoma namba ya chini isiyomhusu. Na aliyebadilisha alijua kwamba Taher akiona nukta nyekundu atapiga kelele siku hiyohiyo, ndiyo maana ikambidi avihamishe na vioo.

Alimpigia mkuu wa upelelezi, akamweleza yote bila kupumzika.

"Vizuri," mkuu alisema. "Sasa wakili wa serikali ataniuliza: Taher hakuweza kuichukua ya shemeji yake kabla, akaua nayo, ikambakia? Wanashirikiana malori, watashindwa kushirikiana bastola? Vitone havina tarehe, Kashindye. Nani alifungua ile sefu, na siku gani? Kama huna hilo, Jumatatu naendelea na Taher."

*

Taher na mkewe waliishi ghorofani, juu ya duka lao. Duka lilikuwa limefungwa, na maji ya mvua yalikuwa yametengeneza dimbwi mbele ya mlango wa chuma. Ishrat alifungua mwenyewe. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Mmemwachia?"

"Bado, mama."

"Basi ingia. Lakini sina maneno mapya."

Sabina aliketi kwenye meza ya chakula. Makoplo wawili aliokuja nao walibaki kwenye ngazi. Aliitandaza karatasi yake ya mchoro, akaieleza kwa maneno mepesi, mara moja, bila kutaja jina la mtu. Ishrat alisikiliza akiwa amesimama, mikono yake imeinuliwa mbele kama ya daktari, unga ukidondoka vipande vidogo vidogo sakafuni.

"Ulituambia sefu haijafunguliwa na mtu isipokuwa mumeo," Sabina alisema.

"Ndivyo nilivyosema."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Moja anatembea nayo. Moja ninayo mimi."

"Yako ilitoka mkononi mwako?"

Ishrat aliitazama ile karatasi, zaidi pale palipoandikwa kijani.

"Siku alipoileta bastola hapa," akasema, "Taher aliniambia kitu kimoja. Funguo ikishikwa na mtu mwingine leseni inafutwa, na yeye anashtakiwa. Mlipokuja siku ile mkaniuliza, nikafikiri, nikisema kweli nitamwongezea kosa."

"Ulidhani unamsaidia."

"Nilidhani."

"Ulimpa nani funguo?"

"Unajua."

"Siwezi kuandika kwamba najua. Nahitaji kusikia kwako."

Ishrat alivuta kiti hatimaye, akaketi, akaiweka mikono yake yenye unga mapajani bila kujali nguo.

"Jumatano, siku baada ya yule karani kufa. Saa nne asubuhi. Taher alikuwa dukani, chini hapa. Aman alikuja akasema shemeji kamtuma aisafishe bastola yake, kwamba amepata mafuta mazuri. Nikampa funguo. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akatandika gazeti. Mimi nilikuwa jikoni nasikia chuma kinagonga chuma. Alikaa kama nusu saa. Alipomaliza alinawa mikono, akala chapati tatu, akasema mchuzi haujakolea chumvi."

Sabina aliandika yote, na ile ya chumvi pia. Alimsomea. Ishrat alifuta kidole, akasaini, na saini yake ikaacha alama nyeupe pembeni mwa karatasi.

"Kwa hili Taher atatoka?"

"Kwa hili Jumatatu hatasomewa shtaka la kuua."

"Na Aman atasomewa."

"Ndiyo."

Mwanamke aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa ameshaikadiria. "Nilimlea mimi. Mama alikufa Aman ana miaka minne."

Sabina aliikunja karatasi. "Yuko wapi sasa?"

"Misungwi, na malori."

"Simu zetu hapokei."

"Zenu hapokei."

"Bastola yake anatembea nayo?"

"Kiunoni. Akija kula anaivua, anaiweka juu ya friji. Nilimzoesha hivyo. Meza yangu haikai chuma."

Sabina aligeuka akaitazama friji. Ilikuwa kati ya mlango na meza, hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Ishrat aliona anachokipima. Aliinuka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha, akachukua simu iliyokuwa juu ya mashine ya kushonea. Iliita mara mbili tu.

"Dada."

"Umekula?"

"Bado. Niko Usagara hapa, lori moja limekwama matopeni. Vipi huko, shemeji ametoka?"

"Bado. Njoo ule. Nimekanda unga mwingi kwa mazoea, na wa kula hayupo."

Upande wa pili ikasikika honi ya gari.

"Una mtu hapo?"

Ishrat alikuwa anamtazama Sabina usoni. "Nani aje kwangu siku hizi, Aman? Hata majirani wanapita upande wa pili wa barabara."

"Pole, dada. Nakuja."

Aliiweka simu kifudifudi. Sabina aliwaita makoplo, akawaweka chumba cha kulala, mlango nusu. Yeye mwenyewe alisimama jikoni, ubavuni mwa mlango, mahali alipoweza kuiona friji bila kuonekana. Wakangoja. Mvua ilipungua, ikabaki ile ya kudondoka kutoka kwenye kingo za mabati. Ishrat alirudi kwenye unga wake, akaukata matonge, akayapanga kwenye sinia. Yalikuwa mengi.

"Mtamkamata kabla hajala au baada?" aliuliza bila kugeuka.

"Akishaiweka juu ya friji."

"Basi hatakula."

"Hatakula, mama."

Ishrat aliendelea kuviringisha tonge lililokuwa mkononi, likawa mviringo, na bado akaendelea. Chini mlango wa gari ulifungwa. Viatu vizito vikapanda ngazi, mbili mbili, kama anavyopanda mtu anayezijua ngazi zile tangu utotoni. Vikasimama. Kitasa kilicheza kidogo.

"Dada? Mbona leo umefunga?"

Ishrat aliliweka tonge kwenye sinia. Alijifuta mikono, akatembea mpaka katikati ya chumba, na alipojibu sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Haujafungwa kwa funguo, Aman. Ingia."